“Boto” ya Curaçao na “boti” yetu: je, ni ndugu?

Swali la msomaji: “Shikamoo mwalimu. Mimi ni baharia, mwenyeji wa Likoni. Mwaka jana meli yetu ilikaa siku nne bandarini Willemstad, kisiwani Curaçao, ambako wenyeji huzungumza Kipapiamentu. Nilisikia chombo kidogo kikiitwa boto, na kivuko cha kuvushia watu kikiitwa ponchi. Mtaa ulio upande mmoja wa maji unaitwa Punda. Mwenzangu kutoka Kongo akaniambia hayo yote ni maneno ya Kibantu yaliyopelekwa na watumwa, na kwamba boto ndiyo iliyozaa boti yetu. Je, ni kweli? Halafu wafanyakazi wa gatini walikuwa wakitaja makamba, nikadhani wanataka kamba za kufungia meli. Nilikosea?”

Marahaba, mwanangu, na pole kwa safari za mbali. Nianze na jibu lenyewe, kisha nikueleze nililifikiaje. Boto si neno la Kibantu, wala halikuizaa boti yetu. Maneno haya mawili ni binamu, na bibi yao ni mmoja, Mwingereza. Hata hivyo usimcheke mwenzako. Ile o inayofunga neno boto haikutoka Ulaya, na nionavyo mimi, hapo ndipo alipopita mtu aliyekuwa akimtafuta.

Kwanza tuliweke neno mahali pake. Curaçao iko karibu na pwani ya Venezuela, pamoja na jirani zake Aruba na Bonaire. Wahispania ndio Wazungu wa kwanza kufika, mwaka 1499, na hawakuona dhahabu, wakaviita visiwa hivyo “visivyo na faida”. Mwaka 1515 wakawahamisha kwa nguvu wenyeji wengi, watu wa Caquetio, kwenda kufanya kazi kisiwa cha Hispaniola. Mwaka 1634 Kampuni ya Uholanzi ya India Magharibi ikakiteka kisiwa. Katika miongo iliyofuata Willemstad ikawa soko la watumwa: watu walishushwa hapo kutoka Afrika, wakapakiwa tena kupelekwa makoloni ya Wahispania. Wapo waliobaki. Miongo miwili baada ya Waholanzi wakaja Wayahudi wenye asili ya Ureno, wengine wakitokea Amsterdam, wengine Brazili. Katika mchanganyiko huo ndimo Kipapiamentu kilipokomaa. Tangu 2007 ni lugha rasmi Curaçao, pamoja na Kiholanzi na Kiingereza.

Jina la lugha limetokana na papia, yaani kuzungumza, na watu wa Cabo Verde nao husema papia hivyohivyo. Kwa sababu hiyo na nyingine nyingi, wapo wataalamu wanaoamini kuwa kiini cha lugha hii kilivuka bahari kutoka Cabo Verde na pwani ya Guinea kikiwa tayari ni krioli ya Kireno, yaani lugha mpya iliyozaliwa na mchanganyiko wa lugha, kisha kikavishwa Kihispania na Kiholanzi. Wengine wanasema kilizaliwa palepale Karibiani. Mimi naegemea upande wa kwanza, lakini kwa swali lako ugomvi huo si mzito, maana boto haikutoka kwa Wareno wala kwa Wahispania.

Nitajuaje? Sikiliza salamu ulizosikia gatini: bon dia asubuhi, bon tardi mchana, bon nochi usiku. Tardi ni tarde ya Kihispania, na nochi ni noche. Maziwa ni lechi, kutoka leche. Umeona kinachotokea mwishoni? Ile e ya Kihispania, inapofunga neno bila mkazo, mara nyingi hugeuka i katika Kipapiamentu. Sasa Kihispania na Kireno vyote viwili vina neno bote, chombo kidogo. Kama watu wa Curaçao wangelichukua hilo, tungelitegemea waseme boti, sawasawa na sisi. Hawasemi hivyo. Wanasema boto, kwa o mbili za wazi.

Neno linaloipa boto jibu lake ni la angani. Jua kwa Kihispania ni sol, linaishia kwenye konsonanti. Kwa Kipapiamentu jua ni solo. Hapakuwa na o mwishoni. Midomo ya watu iliiongeza ili neno lisikatike ghafla, na irabu waliyoiongeza ni ileile iliyokwisha tangulia ndani ya neno. Sasa chukua boot ya Kiholanzi, inayotamkwa kwa o ndefu na kuishia kwenye t. Ifanyie kama sol. Unapata boto, haipungui wala haizidi.

Tabia hii ya irabu ya mwisho kuifuata iliyotangulia unaiona hata katika jina la mtaa uliouona ng'ambo ya maji, Otrobanda, yaani upande mwingine. Otro imebaki na o yake kwa sababu o imetangulia. Lakini barco, meli, Curaçao wanasema barku, na amigo, rafiki, ni amigu: hapo o ya mwisho imegeuka u kwa kuwa haikuwa na mwenzake ndani ya neno. Si kila neno linatii, lugha haina askari wa zamu kila kona. Hata hivyo mwelekeo ni wa wazi, na boto inakaa ndani yake bila kusukumwa.

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu ndipo Kiswahili kinapoingia kwa haki. Sisi nasi tulipokea neno lililoishia na t, boat ya Kiingereza, na sisi nasi hatukuweza kuliacha wazi. Tukalifunga. Lakini tulilifunga kwa i. Kwa nini? Jisikilize unaposema benki, keki, tiketi, risiti. Kisha jisikilize unaposema kitabu, sababu, salamu, stempu. Sikio la Mswahili huangalia konsonanti: midomo ikiwa imefumba kwa b, m au p, inatoka na u, ulimi ukiwa umegusa kwa t au k, unatoka na i. Sikio la mtu wa Curaçao, katika maneno kama solo na boto, lilirudi nyuma likaangalia irabu. Boti na boto ni kazi moja iliyofanywa na mafundi wawili. Mimi hushika kalamu kwa furaha kila nikifika hapa, maana tofauti ya herufi moja inakuonyesha namna mbili za kusikia.

Na hiyo kazi ya kufunga neno ndiyo niliyosema haikutoka Ulaya. Mholanzi hana shida na neno linaloishia kwenye t. Mwenye shida ni mtu ambaye lugha yake ya mama inataka kila silabi iishie kwa irabu, na lugha nyingi za Afrika Magharibi na za Kibantu ziko hivyo. Watu waliotia o kwenye boot walikuwa hao.

Tena walikuwa na sababu ya kulitamka neno hilo kila siku. Katika karne ya 18 mabaharia wengi wa vyombo vya Curaçao vilivyokuwa vikienda pwani ya Venezuela, kwa biashara ya halali na ya magendo, walikuwa watu weusi, baadhi huru, baadhi watumwa. Wamiliki walikuwa wakiwaandikia watumwa wao mabaharia hati za uhuru wa muda wa safari tu, ili Wahispania wakikikamata chombo wasiwanyang'anye watu hao kama sehemu ya shehena. Fikiria, wewe uliye baharia, mtu anayekuwa huru akiwa majini na mtumwa akirudi gatini. Neno la chombo lilikaa vinywani mwa watu hao, si katika daftari la karani.

Utaniuliza: kwa nini Kiholanzi na si Kiingereza, ikiwa boat nayo ingezaa boto? Ni swali la haki, kwa sababu limetokea kweli, jirani tu. Huko Suriname, katika krioli iitwayo Sranan, chombo ni boto, na hiyo ilitokana na Kiingereza: Waingereza walianza makazi huko 1651 na nchi ikapita mikononi mwa Waholanzi 1667. Neno hilohilo, irabu hiyohiyo, mlango tofauti. Kwa Curaçao nauchagua mlango wa Kiholanzi kwa kuwa Waholanzi ndio walioishika bandari tangu 1634, na Waingereza waliitawala kwa vipindi vifupi tu, kuanzia 1800 hadi 1803 na 1807 hadi 1816. Tayari mwaka 1775 Myahudi mmoja wa Curaçao alikuwa akiandika barua ya mapenzi kwa Kipapiamentu, barua ambayo ndiyo maandishi ya kale zaidi ya lugha hii yaliyobaki. Lugha iliyofika kwenye barua za nyumbani za matajiri haikusubiri manowari za Uingereza ili ipate jina la mashua.

Bibi wa wote, kama nilivyosema, yuko Uingereza. Kiingereza cha kale kilikuwa na bāt. Kutoka huko Wafaransa walipata bateau na Wahispania bote, na wataalamu wengi wanakubali kuwa hata boot ya Waholanzi ilivuka mkondo kutoka upande huohuo. Neno likashuka kusini na magharibi na Waholanzi hadi Willemstad, na baadaye sana likashuka mashariki na Waingereza hadi Mombasa na Zanzibar. Ndiyo maana nikasema binamu.

Majina mengine ya vyombo nitayapitia upesi. Barku umekwisha lisikia. Bapor, meli kubwa, ni vapor ya Kihispania, yaani mvuke: chombo kimepewa jina la kinachokisukuma. Sisi tulikiita chombo hichohicho meli, kutokana na mail, barua, kwa kuwa stima za kwanza tulizozizoea zilileta vifurushi vya posta. Kanoa ni neno la Wataino wa Karibiani, ambalo Columbus alilisikia 1492 na miaka michache tu baadaye likawa limo katika kamusi ya Kihispania ya Nebrija, neno la kwanza kutoka bara la Amerika kuingia humo.

Sasa ponchi. Hili linanigusa kwa karibu, maana nimekulia Kigamboni.

Ponchi ni pontje ya Kiholanzi, yaani pont, kivuko bapa, pamoja na kiambishi cha udogo: kivuko kidogo. Kiholanzi hupenda mno kuviita vitu kwa udogo, na ile -tje yake Curaçao imekuwa -chi. Bakuli ni kònchi, kutoka kommetje. Jani ni blachi, kutoka blaadje. Ukizijua hizi mbili, ponchi haina siri tena.

Lakini pont yenyewe imetoka wapi? Imetoka Kilatini, ponto, na neno hilo ni la kale sana. Julius Caesar, akisimulia vita vya Warumi wenyewe kwa wenyewe, anazitaja pontones na kueleza kuwa ni aina ya vyombo vya Wagaul, wenyeji wa kale wa Ufaransa ya leo. Kutoka kwenye ponto hiyo Wafaransa wakapata ponton, Waingereza wakapata pontoon kutoka kwa Wafaransa, na sisi watu wa Dar es Salaam tukaipata kutoka kwa Waingereza. Nyinyi wa Likoni husema feri. Sisi tunaovuka kati ya Magogoni na Kigamboni, tangu nikiwa mtoto nabebewa kikapu cha samaki kichwani mwa mama, tunasema pantoni. Serikali inaandika kivuko kwenye ubao, na mtu anayekimbia asiachwe anapiga kelele “pantoni inaondoka!” Ponchi ya Willemstad na pantoni yetu ni tumbo moja. Boto na boti zilitengana juzi ukilinganisha na hizi, zilizotengana kwa Kilatini.

Na kazi zake zinafanana. Mdomo wa bandari ya Willemstad, Sint Annabaai, unaukata mji vipande viwili, Punda huku na Otrobanda kule, kama maji yanavyokata Magogoni na Kigamboni. Zamani pasipo chombo hukuvuka. Mwaka 1888 ndipo lilipofunguliwa daraja la Malkia Emma, lililojengwa na mfanyabiashara Mmarekani, Leonard Burlington Smith. Bila shaka ulilivuka kwa miguu: linaelea juu ya maboya makubwa, na meli ikitaka kupita linajisogeza lote pembeni. Waholanzi waliliita Pontjesbrug, daraja la vivuko vidogo, kwa sababu limelazwa juu ya vyombo bapa vya namna ileile. Kwa hiyo neno moja limekaa pale mara mbili, ndani ya daraja na ndani ya kivuko kinachofanya kazi daraja likiwa limefunguka. Watu walilipia kuvuka daraja hilo hadi 1934, na malipo yalihesabiwa kwa miguu: mwenye viatu alitoa senti, aliye peku alipita bure. Husimuliwa kuwa maskini wengine waliazima viatu ili walipe, wasionekane kuwa ni watu wa kupita bure. Mimi nawaelewa watu hao.

Lakini hapa nikutahadharishe, kwa kuwa ndipo alipoteleza mwenzako. Huko hula chakula kiitwacho funchi. Nina hakika ulikiona, na nina hakika ulikitambua kabla hujakionja: ni ugali wa mahindi, umesongwa kwa mwiko hadi ukashikana. Mtu aliyekwisha jifunza ponchi, kònchi na blachi ataruka na kusema hii nayo ni -tje ya Kiholanzi. Siyo. Funchi ni funji ya Kimbundu, ugali wa Angola, ambao hadi leo watu wa Luanda huuita funge. Waholanzi waliishika Luanda toka 1641 hadi 1648, na watumwa wa pwani ya Loango na Angola waliendelea kupelekwa Curaçao kwa miaka mingi baada ya hapo. Ponchi na funchi zinaishia sawa kabisa, zinakutana mtaa mmoja, mmoja anavusha watu na mwingine anawashibisha. Moja ilitoka Uholanzi na nyingine kwa ndugu zetu wa Kibantu. Ukiwa na sikio peke yake huwezi kuzitenganisha. Lazima ujue nani alikuwa wapi, lini, na alikuwa akifanya nini.

Vivyo hivyo Punda. Si punda wetu. Ni de punt ya Kiholanzi, yaani ncha, kwa kuwa mji wa kwanza ulijengwa kwenye ncha ya nchi kavu iliyoingia majini. Nayo ikafungwa kwa irabu kama kawaida. Punda mwenyewe, yule wa masikio marefu, kule anaitwa buriku, na Bonaire wapo wanaozurura wenyewe maporini.

Kuhusu makamba: ulikosea, lakini ulikosea karibu na ukweli kuliko ulivyodhani. Kamba ya kufungia meli wao huiita kabuya, neno jingine la Wataino lililopitia Kihispania. Makamba ni mtu. Ni Mholanzi wa kutoka Uholanzi, yule wa kuja, na mara nyingi linasemwa bila upole. Wengi waliolichunguza huliunganisha na Kimbundu, ambako kamba ni rafiki na wakiwa wengi ni makamba. Vijana wa Luanda hata leo huitana kamba. Hilo ma- la mwanzoni unalijua mwenyewe, ndilo la maji na macho na maneno. Namna neno la rafiki lilivyogeuka kuwa jina la Mholanzi, tena jina lenye makali, imo ndani yake historia ya watu wasiokuwa na hiari ya kumchagua waliyeishi naye.

Kwa hiyo mwambie mwenzako kwamba Wabantu aliokuwa akiwatafuta wapo, ila hawakukaa kwenye majina ya vyombo, yaliyotolewa na wenye bandari. Wako chunguni na katika namna ya kumwita mwenye nguvu. Na mkifika Willemstad tena, mkaona vyombo zaidi ya kimoja, msikilizeni mvuvi anavyovihesabu. Kimoja ni boto. Vikiwa vingi atasema botonan, na nan hiyo peke yake, katika sentensi nyingine yoyote, maana yake ni “wao”.